Jinsi ya Kuhakiki Komiki Mpya za Upanga na Uchawi, Hatua kwa Hatua

Hadithi ya upanga na uchawi unaijua kabla hujafungua jalada. Kuna mtu mmoja mwenye misuli au mwenye kisasi, kuna mnara, kuna mchawi juu ya mnara, na kuna kitu kinatambaa ngazini. Atapanda, atakata, atatoka. Ukiniandikia aya sita za kunisimulia hayo, hujanipa kitu. Watani wa jadi wakikutana Kwa Mkapa, aliyekosa mechi haulizi kama ilichezwa dakika tisini. Anauliza goli limefungwaje. Na mhakiki wa komiki hizi ajibu swali hilohilo: limefungwaje?

Mwongozo huu ni wa shabiki anayeandika kwa Kiswahili na kusoma kwa bajeti ya Dar. Toleo moja la Marekani siku hizi huuzwa dola 3.99 au 4.99. Piga hesabu ya shilingi: ni elfu kumi hivi au zaidi, kwa kurasa ishirini na ushee za hadithi. Kwa mama ntilie hiyo ni milo kadhaa, kwa hiyo msomaji wako anataka kujua kama anunue au aache.

Hatua ya 1: Chagua toleo, na jalada lisikuzuge

Kwa anayeanza kuhakiki, napendekeza mkusanyo badala ya toleo mojamoja. Matoleo matano au sita ya mfululizo hukusanywa kuwa kitabu kimoja, bei kwa kila ukurasa inashuka, na unapata mkasa wenye mwanzo na mwisho. Toleo namba moja lina raha yake, hasa likiwa limetoka juzi na watu bado wanabishana, ila ukilihakiki unahakiki ahadi tu.

Kabla ya kusoma, tafuta ukurasa wa majina: mwandishi, mchoraji, mtia wino, mtia rangi, na mtia herufi, yaani anayeandika maneno ndani ya picha. Kisha angalia nani amechora jalada. Mara nyingi si mchoraji wa ndani. Wachapishaji wana desturi ya kutoa toleo moja kwa majalada mengi tofauti ili wakusanyaji wanunue zaidi ya nakala moja, na wachora majalada hao huenda hawajachora hata fremu moja ndani. Nimeshasoma sifa ndefu za "michoro ya kutisha ya toleo hili" ambazo zote zilikuwa za jalada.

Hatua ya 2: Soma mara ya kwanza kama shabiki

Weka kalamu mbali. Mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni inatosha kumaliza toleo zima, ukibahatika kupata kiti. Kumbuka jambo moja tu: ni wapi ulirudi ukurasa wa nyuma kwa sababu hukuelewa, na ni wapi ulirudi kwa sababu ulipenda. Sehemu hizo mbili ndizo zitakazobeba uhakiki wako.

Hatua ya 3: Soma tena, bila maneno

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wahakiki wengi wanaporuka.

Kwanza, programu nyingi za kusomea kwenye simu hukuonyesha fremu mojamoja ili herufi zisomeke. Kwa kusoma njiani ni sawa. Kwa kuhakiki, zima mtindo huo. Mchoraji amepanga ukurasa mzima: fremu ndogo tano juu ili pumzi ikubane, kisha moja kubwa chini ili joka lifunguke. Ukizipokea mojamoja, zote zinakuwa na ukubwa wa kioo chako na mpango wote umepotea. Azima tableti au fungua kwenye kompyuta, tazama kurasa mbili kwa pamoja kama zilivyo kwenye karatasi.

Sasa chagua pambano moja na ulifuatilie bila kusoma kiputo cha maneno hata kimoja. Nani yuko kushoto? Komiki za Marekani na Ulaya husomwa kushoto kwenda kulia, kwa hiyo anayekimbilia kulia anaonekana anasonga mbele, na anayekuja kutoka kulia anaonekana kama ukuta. (Kwenye manga ya Kijapani geuza yote haya.) Mchoraji akiwabadilisha pande katikati ya pambano bila kukuonyesha wamezungukana vipi, macho yako yanamchanganya shujaa na adui. Upanga uko mkono gani, na ukihama, umehamaje? Ukuta uko wapi, ngazi iko wapi? Mapigano mabovu mengi hufanyika hewani: mandhari imefutwa, kuna mistari ya kasi, damu na rangi nyekundu, na hujui mtu kakanyaga nini.

Halafu angalia mchoraji amechagua kuchora wakati gani wa pigo. Anaweza kuchora kabla halijatua, linapotua, au baada ya mwili kuanguka. Anayechora kutua tu kila mara atakuchosha kufikia ukurasa wa kumi. Wanaojua wanakunyima: mkono umeinuliwa, fremu inayofuata ni kunguru wanaruka.

Ukitaka kujizoeza, rudi kwa wakongwe. Conan, yule shujaa wa upanga anayeigwa zaidi katika aina hii, alianza komiki yake katika kampuni ya Marvel mwaka 1970, mwandishi akiwa Roy Thomas na mchoraji Barry Smith, ambaye baadaye aliitwa Barry Windsor-Smith. Matoleo ya mwanzo utaona anamfuata Jack Kirby, mchoraji mkongwe wa Marvel, waziwazi. Muda si mrefu kurasa zake zinajaa mapambo, vito na nguo zenye nakshi. Kisha mtazame John Buscema, mchoraji mwingine wa Conan, hasa katika jarida la rangi nyeusi na nyeupe la *Savage Sword of Conan* lililoanza 1974. Angalia miguu. Miili ya Buscema ina uzito. Unajua mguu upi umebeba mwili kabla upanga haujashuka. Kampuni ya Titan ilipomwanzisha Conan upya mwaka 2023, kwa maandishi ya Jim Zub na michoro ya Rob de la Torre, mashabiki walisema papo hapo kwamba huyu anamfuata Buscema. Ni kweli, lakini mhakiki haishii hapo. Amechukua nini kwa Buscema: nyuso zilizokunjamana tu, au na ule uzito pia? Fungua kurasa zote mbili, weka ubavu kwa ubavu, andika unachokiona.

Hatua ya 4: Soma maneno peke yake

Aina hii ina urithi mzito wa masanduku ya maelezo, yale maneno ya msimulizi yanayowekwa ndani ya fremu. Chanzo chake ni hadithi za magazeti ya bei rahisi: Robert E. Howard wa Texas alimleta Conan katika jarida la *Weird Tales* Desemba 1932, na nathari yake ilikuwa ya ngurumo. Roy Thomas aliihamishia kwenye komiki, na wengi bado wanaiga.

Kipimo changu ni hiki. Soma sanduku, tazama picha. Kama sanduku linasema "alichomoa upanga" na picha inaonyesha anachomoa upanga, mmoja kati ya mwandishi na mchoraji hana imani na mwenzake. Kama sanduku linaongeza harufu, baridi, kumbukumbu, au uongo ambao picha inaukanusha, hapo limelipa nauli yake. Nukuu sanduku moja zuri na moja bovu. Usinukuu zaidi ya hapo.

Mtia herufi naye astahili sentensi moja. Ukisoma viputo kwa mpangilio usio sahihi, kosa linaweza kuwa lake.

Hatua ya 5: Uliza uchawi unagharimu nini

Mwandishi Fritz Leiber ndiye aliyependekeza jina la upanga na uchawi (*sword and sorcery*) mwaka 1961, na tofauti ya aina hii na hadithi kubwa za wafalme na majeshi ni ya ukubwa wa shida. Huku hakuna anayeokoa dunia. Shujaa anataka dhahabu, kisasi, au njia ya kutoka mjini kabla hakujapambazuka. Na uchawi mara nyingi uko upande wa adui, ni mchafu, na anayeugusa hulipa.

Kwa hiyo ukihakiki, tafuta bei. Elric, shujaa wa mwandishi Michael Moorcock, ni mfano ulionyooka: mtawala dhaifu wa mwili, mwenye upanga unaokunywa roho za anaowaua na kumpa yeye nguvu, na upanga huohuo unawageukia anaowapenda. Kila ushindi una deni. Komiki nyingi mpya zinasahau hilo. Mchawi anarusha miale ya zambarau kurasa nne mfululizo, hachoki, hapotezi kitu, na anakufa kwa sababu kurasa zimeisha. Andika hivyo, kwa maneno hayohayo ukipenda.

Msomaji wa Kiswahili kwa jambo hili hana haja ya kufundishwa. Fumo Liyongo hadhuriki kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba ikimchoma kitovuni, na siri hiyo inatoka kwake mwenyewe, kwa mwanawe aliyehongwa. Hapo pana kinga, sharti, usaliti na mauti, kila kimoja kinakivuta kinachofuata. Komiki ikikuletea jitu lisilokufa, ipime hapo: sharti lake ni nini, nani analijua, na alilijuaje? Jibu likija ukurasa wa mwisho kutoka mfukoni mwa mwandishi, umepata dosari ya kuandika.

Hatua ya 6: Watu weusi na wanawake wamechorwaje

Usiliruke hili kwa kuogopa kuitwa mnoko. Howard aliandika watu weusi kwa dharau ya mahali na zama zake, na komiki zilizotokana naye zimebeba mengi ya dharau hiyo: kabila lisilo na jina, ngoma usiku, mfalme mwenye fuvu. Toleo jipya likimpeleka shujaa kusini, kwenye nchi zinazoitwa Kush, angalia nani ana jina, nani anaongea zaidi ya sentensi moja, nani anakufa kwa ajili ya mandhari tu. Hesabu, kisha andika ulichokihesabu. Hasira bila namba ya ukurasa haimsaidii msomaji.

Na inafaa kujua kuwa jibu lilishatolewa. Charles Saunders, Mmarekani mweusi aliyehamia Kanada, aliandika *Imaro*, riwaya ya shujaa anayetembea katika bara liitwalo Nyumbani, iliyotoka kitabu kizima 1981. Saunders alifariki 2020. Ukihakiki komiki yoyote mpya yenye shujaa Mwafrika, msomaji wako atanufaika akijua jina hilo.

Kuhusu wanawake, mfano wa shule ni Red Sonja, shujaa wa kike mwenye upanga. Alipotokea mara ya kwanza 1973, kwenye toleo la 23 la Conan, alivaa fulana ya deraya. Vile vipande viwili vya chuma vinavyojulikana leo vilikuja baadaye, kutoka kwa mchoro wa Mhispania Esteban Maroto. Mwandishi Gail Simone alipomwandika kuanzia 2013, alionyesha kuwa mavazi si tatizo pekee. Tatizo ni kama mwenye kuyavaa ana matakwa yake mwenyewe. Mimi bado naona vazi lile ni la kipuuzi vitani, na nitaendelea kuandika hivyo.

Hatua ya 7: Andika

Sentensi ya kwanza itoe hukumu. Mkasa upewe sentensi mbili, tatu ukizidisha, na usivuke theluthi ya kwanza ya toleo ili usimharibie mtu. Kisha nenda kwenye ukurasa mmoja na ukae hapo.

Tuseme umesoma komiki ya mwizi anayeingia hekaluni. Aya dhaifu ni hii: "Michoro ni ya hali ya juu sana na rangi zinavutia. Hadithi inasisimua mwanzo mwisho. Siyo ya kukosa." Inafaa kwa komiki yoyote, hata ya wanasesere. Sasa hii:

"Ukurasa wa tisa hauna neno hata moja. Mwizi anashuka kwa kamba katika fremu sita nyembamba, ndefu, na kila moja ina giza zaidi ya iliyopita mpaka ya sita tunaona mkono tu. Geuza ukurasa: mwanga wa kijani, na sanamu imefungua macho. Shida ni kwamba baada ya hapo mchoraji anamwonyesha mnyama huyo mzima, mara tatu, na mara ya tatu anafanana na mjusi wa kawaida."

Aya hiyo imesifu, imelaumu, na mtu hajajua mwizi anaishia wapi.

Baada ya hapo taja nani anunue na nani asubiri mkusanyo. Taja bei, na kama umepewa nakala bure na mchapishaji, sema. Nyota tano au alama kumi siziwekei toleo la kwanza kamwe; mkusanyo ndio unaostahili alama, nao si lazima.

Hatua ya 8: Picha za kurasa

Fremu moja au mbili za kuonyesha hoja yako zinatosha, pamoja na majina ya mwandishi, mchoraji na mtia rangi. Usirushe kurasa nzimanzima, na usihakiki kutoka nakala za wizi kisha uwaelekeze watu walipozipata. Hata hapa kwetu kazi za wachoraji zina ulinzi chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na wachora katuni wa Dar ndio wa kwanza kulalamika kazi zao zikisambazwa bila majina. Tuwatendee wa Marekani vivyo hivyo.

Ukishauweka uhakiki hewani, tunza daftari lako. Toleo la tatu likitoka, rudi uangalie kama mhusika aliyekuvutia katika toleo namba moja bado yumo, kama mchoraji ni yuleyule (wengi hubadilishwa mapema kwa sababu ya ratiba), na kama lile deni la uchawi limeanza kudaiwa. Mabadiliko yakiwepo, andika aya mbili za nyongeza chini ya uhakiki wa kwanza, na tarehe.