Unataka kujitolea kwenye vipindi vya TV vya kujengea familia nyumba? Soma hii kwanza

Wengi tukiona familia kwenye TV inarudi inakuta nyumba mpya tunalia, alafu tunasema na mimi siku moja nitaenda kusaidia. Ni jambo zuri sana ila saiti yenyewe ya ujenzi haifanani na ile ya kwenye kioo. Chukua Extreme Makeover: Home Edition ya Marekani, iliyoanza 2003 pale ABC: nyumba ilikuwa inasimama ndani ya siku 7 huku wenyewe wamepelekwa likizo, na siku 7 maana yake kazi ni usiku na mchana, watu wanaingia kwa zamu.

Kwa hiyo ukijiandikisha omba zamu ya usiku. Mchana watu wanajaa, kila mtu anataka amuone mtangazaji, ila saa tisa usiku kifusi kipo palepale na wa kukibeba hawaonekani. Hapo ndo unahitajika kweli.

Usisubiri kipindi kirushwe ndo uanze kuulizia, maana kikirushwa ile nyumba ilishaisha kitambo. DIY SOS ya BBC kwa mfano, iko hewani tangu 1999 na inategemea mafundi wa eneo husika wanaokuja kufanya kazi bure, sasa wito wa kuwatafuta unatoka kabla ya ujenzi, hivyo fuatilia matangazo yao na uwe karibu na makontrakta wa kwenu.

Kwenye fomu andika unachokiweza tu. Umeme, bomba na gesi ni kazi za wenye leseni, ukidanganya hapo utaondoka zako na hatari inabaki ukutani na familia inalala humo. Kama huna fani sema sina, kazi zipo kibao: kusukuma toroli, kufagia, kupaka rangi, kupokea mizigo, kugawa maji. Anayegawa maji anasaidia sana, mafundi wakichoka na kiu ndo ajali zinapotokea.

Utasainishwa pia karatasi za usalama na za kuruhusu sura yako ionekane, soma zote, na wakisema usipost picha mpaka kipindi kitoke basi usipost hata moja. Nguo ziwe za kazi zisizo na nembo kubwa za makampuni, buti ngumu, glavu, helmeti kama wameagiza. Nyumba za zamani kuwa nazo makini, Marekani rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku majumbani 1978, kwa hiyo nyumba ya kabla ya hapo usianze kukwangua wala kupiga msasa mpaka msimamizi akwambie rangi imepimwa, vumbi lake ni sumu hasa kwa watoto.

Wakiwa wanarekodi zima drili unyamaze, hata kama ulibakiza tundu moja. Utasubiri sana, zoea tu.

La mwisho mimi naliona kubwa kuliko yote. Ile ni nyumba ya watu, mle ndani utakuta dawa, barua, madeni yao, picha za marehemu wao, usisimulie kwa mtu. Na ukikuta boksi la picha au vitu vya mtoto kwenye rundo la kutupa, litoe, mpe msimamizi mkononi kabisa ndo urudi kwenye toroli lako.