Somo: Kupima asidi na besi jikoni kwa rosela na manjano

Wazazi wengi wakitaka kumwonyesha mtoto kemia huanza na siki na povu. Mimi nashauri tuanze na rangi. Povu likipanda mtoto hushangilia, basi, limeisha. Rangi ikigeuka huuliza, "Na nikiongeza ndimu?" Hapo ndipo somo linapoanza: vitu vichachu kama ndimu na siki ni asidi, na vinyume vyake kama magadi na sabuni ni besi.

Andaa rosela kavu kiganja kimoja (wengine huiita choya), ndimu, siki, magadi ya kupikia maharage, sabuni ya mche, unga wa manjano na vikombe vitano vyeupe.

Hatua ya 1. Mwagia rosela vikombe viwili vya maji yaliyochemka, funika dakika 10, chuja, acha ipoe. Usitie sukari. Maji ya moto ni kazi ya mtu mzima.

Hatua ya 2. Weka vijiko viwili vya rosela katika kila kikombe, ongeza maji hadi nusu. Kimoja kisiguswe, ni cha kulinganishia.

Hatua ya 3. Mtoto akisie kwanza kitakachotokea, na aandike. Usiiruke hatua hii. Kisha atie ndimu, siki, maji ya magadi na maji ya sabuni, kila kimoja kikombe chake. Kwenye ndimu na siki wekundu hung'aa zaidi. Magadi atie kidogo kidogo: wekundu hufifia, huja zambarau, halafu kijani iliyokolea. Akimwaga yote kwa mkupuo, zambarau hataiona. Sabuni huenda ikaishia kwenye zambarau tu, kwa kuwa rosela yenyewe ni chachu.

Hatua ya 4. Kwenye kikombe cha magadi kamulia ndimu tone kwa tone. Vitatoka vipovu vya kaboni dioksidi na wekundu utarudi: asidi na besi zimemalizana. Msikawie, maana rosela ikikaa sana kwenye magadi rangi yake huharibika.

Hatua ya 5. Koroga manjano na maji, paka kwenye karatasi nyeupe, ikauke. Mtoto achovye kijiti cha pamba kwenye maji ya magadi na kuandika jina lake. Herufi hutoka nyekundu ya udongo. Ni jambo lile lile la doa la mchuzi kwenye kanzu: ukilisugua kwa sabuni linageuka jekundu, na watu hudhani nguo imeharibika. Kamulia ndimu, njano inarudi.

Kwa wakubwa kidogo, waelezeni kipimo cha pH, yaani namba inayoonyesha ukali wa asidi au besi, alichokitoa Søren Sørensen wa Denmark mwaka 1909. Maji safi ni 7; chini ya hapo ni asidi, juu yake ni besi. Ndimu na siki ziko kati ya 2 na 3. Maji ya magadi hupita 9. Ziwa Natron, lenye magadi tele, hupita 10, na bado heroe huzaliana huko.

Onyo: jiki isikaribie meza hii. Ikikutana na ndimu au siki hutoa gesi ya klorini, nayo ni sumu. Kostiki ya kutengenezea sabuni pia marufuku, inaunguza ngozi na macho.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Huku kwetu rosela haipatikani, wala magadi.
Marahaba. Manjano peke yake yatakuonyesha besi, ila hayatofautishi ndimu na maji. Badala ya magadi, loweka majivu ya kuni usiku kucha, chuja kwa kitambaa. Maji hayo yanachoma macho, uyashike wewe.

Nitumie baking poda?
Povu utalipata, rangi hutairidhia. Baking poda tayari ina asidi yake ndani.

Mwanangu anataka kuinywa ile nyekundu.
Mpikie nyingine. Kilichoingia kwenye jaribio hakinywewi, hata kama ni ndimu tupu.

Kwa hiyo magadi hulainishaje maharage?
Besi hulegeza pektini, ile gundi inayoshikanisha seli za punje. Lakini huharibu pia vitamini B1, kwa hiyo tia kidogo mno.