Somo: Kuisaka meli ya zamani kwa simu yako

Assalaam alaykum. Leo tunaifuata meli moja tu: Pegasus, manowari ya Waingereza iliyopigwa na Königsberg ya Wajerumani hapa bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914.

Hatua ya 1. Usitafute jina tupu. Ukiandika "Pegasus" peke yake utaletewa farasi mwenye mbawa mpaka uchoke. Andika "HMS Pegasus Zanzibar 1914". Wapemba nanyi mjihadhari, Msumbiji nako kuna mji uitwao Pemba.

Hatua ya 2. Jiulize meli ilikuwa wapi kabla ya kuja kwetu. Hapa ndipo penye mali. Pegasus ilitumika Australia miaka kadhaa, kwa hiyo magazeti ya kule yalikuwa yakiijua vizuri. Ingia Trove, hazina ya magazeti ya zamani ya Australia, au Papers Past ya New Zealand. Zote bure. Chagua mwaka, kisha mwezi. (Mimi nilikesha humo hadi bando likakata.)

Hatua ya 3. Geuza saa. Mzungu ameandika kwamba Pegasus ilipigwa saa 5 na dakika zake. Mzee wako atakwambia saa kumi na moja alfajiri. Ni wakati ule ule, msigombane.

Hatua ya 4. Linganisha habari za mwanzo na za baadaye, hasa idadi ya waliokufa. Kisha hifadhi jina la gazeti, tarehe na ukurasa.

MASWALI

Mwanachama, Wete: Shikamoo mwalimu. Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Mbona simpati?

Jibu: Marahaba mwanangu. Wakubwa wa manowari mara nyingi waliandika "dhow" tu, bila jina la chombo wala la nahodha. Kwa babu yako intaneti haitoshi. Mrekodi bibi kwa simu kwanza, majina ya vyombo na ya mabaharia, halafu nenda Nyaraka, hifadhi ya kumbukumbu za zamani iliyopo Kilimani, Unguja.

Mwanachama, Malindi: Ahmad bin Naaman aliyekwenda New York na meli iitwayo Sultana mwaka 1840, napata vichache.

Jibu: Badilisha tahajia: Ahmed, Na'aman, Sultanah, Sultanee. Magazeti ya Marekani ya wakati ule yaliandika kwa masikio.

Mwanachama, Mkoani: Nina picha ya bandari haina tarehe.

Jibu: Tazama baharini, ndugu yangu. Ukiona milingoti inachomoza majini mbele ya Forodhani, hiyo ni Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa tarehe 27 Agosti 1896. Mabaki yake yaliondolewa 1912, basi picha yako ni ya katikati ya miaka hiyo. Kama milingoti haipo, tazama Beit al-Ajaib. Mnara wa saa ukiwa umesimama peke yake mbele ya jumba, picha ni ya kabla ya mizinga ya Waingereza ya 1896, ile ile iliyoizamisha Glasgow. Ukiwa juu ya jumba lenyewe, ni ya baada yake.