Jinsi ya kujua kama G650 itafika New York bila kutua njiani

"Dada, si ndege ya bosi inafika New York moja kwa moja?" Napanga safari za ndege binafsi hapa Nairobi, na swali hilo nimelisikia mara nyingi. Kabla sijajibu huuliza: ni Gulfstream G650, au G650ER, toleo lake la masafa marefu zaidi? Uwanjani zinafanana, zote zina madirisha manane makubwa ya duara dufu kila upande. Zinatofautiana kwa mafuta zinayobeba. G650 iliruka mara ya kwanza Novemba 2009, ikaidhinishwa Marekani Septemba 2012, na Gulfstream, watengenezaji wake, wanaipa umbali wa maili za baharini 7,000, karibu kilomita 13,000. ER, iliyotangazwa 2014, ina 7,500.

Sasa uliza kasi. Zile 7,000 ni za abiria 8 na wafanyakazi 4, kwa Mach 0.85, yaani asilimia 85 ya kasi ya sauti, kama kilomita 900 kwa saa. Ukipandisha hadi Mach 0.90 zinabaki 6,000, yaani kilomita 11,100. Nairobi hadi New York ni kilomita 11,800 hivi kwa njia fupi kuliko zote. Kwa G650 ya kawaida, mwenye haraka ameshakwama hata kabla ya upepo.

Na upepo upo, tena wa mbele, kwa sababu unaelekea magharibi. Chukua wastani wa kilomita 55 kwa saa: kwa Mach 0.85 safari inakuwa saa 14 kasoro, na ndege inakula mafuta ya karibu kilomita 12,600. Ongeza mizunguko ya njia za anga, maana hakuna anayeruhusiwa kunyoosha tu. Kilichobaki ni kidogo mno. Mimi siuzi safari ya namna hiyo, hata mteja akasirike.

Kwa G650 ya kawaida huwa napendekeza kutua Casablanca, Morocco. Iko karibu kabisa na ile njia fupi, karibu nusu ya safari, na ukijaza mafuta hapo unaweza kwenda Mach 0.90 vipande vyote viwili. Lakini mweleze mteja ukweli: kasi hiyo inaokoa kama dakika 45 tu, na kutua kunazila zote. Kama ana ER, aende taratibu bila kusimama. Atafika mapema zaidi.

Mwisho, angalia unapoondokea. Wilson, uwanja mdogo wa hapa Nairobi, isahau: ndege hii ikiwa imejaa inahitaji karibu mita 1,800 za kurukia, tena usawa wa bahari, na njia za Wilson hazifiki 1,600. JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, ina njia ya zaidi ya mita 4,000, ila iko juu na hewa yake ni nyepesi, hasa jua la saa nane. Ndege ikiwa nzito, mimi huandika muda wa kuondoka saa tano usiku, kisha namwomba rubani anithibitishie uzito wa kuruka kwa joto la saa hiyo. Tiketi ya mafuta naisaini baada ya jibu lake.