Kaboni amilifu ya vifuu vya nazi kwa majitaka ya karakana ya batiki

Kaboni amilifu ni mkaa uliotengenezwa uwe na vitundu vidogo vingi vinavyonasa rangi na uchafu ulio ndani ya maji. Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia dada mmoja wa hapa Tanga mwenye karakana ya batiki, ambaye majirani walikuwa wameanza kulalamikia mtaro wa maji ya buluu unaopita mbele ya nyumba zao. Haumfai mwenye korona, yaani mashine ya kuchakata majani ya mkonge, kwa kuwa majitaka ya mkonge yana mabaki mengi mno ya mmea na yangeijaza kaboni mapema. Hayo yanastahili mtambo wa biogesi kama ule wa Hale.

1. Toa rangi kwanza bila kaboni. Rangi zinazoyeyushwa kwa kostiki (sodiamu haidroksidi) na haidrosi (sodiamu haidrosalfaiti) huacha kuyeyuka zikikutana na hewa. Koroga majitaka katika pipa lililo wazi na uyaache usiku kucha, kisha tia asidi kidogo kidogo, ukiwa nje penye upepo, hadi pH, yaani kipimo cha uasidi ambacho 7 ni katikati, ifike kati ya 7 na 8. Usitangulize asidi, kwani haidrosi iliyobaki hutoa gesi kali ya salfa dioksidi. Sehemu kubwa ya rangi itatuama. Maji ya juu yapitishe kwenye mchanga. Kazi ya kaboni ni kunasa kile kilichobaki.

2. Andaa vifuu. Chukua vifuu vitupu, si makumbi. Vitwange viwe punje za milimita 1 hadi 2, uviloweke usiku kucha katika asidi ya fosforiki ya takriban asilimia 50, uzito wa asidi halisi ukilingana na uzito wa vifuu, kisha uvikaushe. Unapopunguza ukali wa asidi, imimine asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi.

3. Choma. Nyuzi 450 hadi 500 za Selsiasi kwa saa moja, katika chombo kilichofunikwa chenye tundu dogo la kutolea moshi. Wapo wanaosifu kutumia mvuke badala ya asidi, na viwanda vikubwa huutumia, lakini unadai nyuzi 800 na zaidi, joto ambalo tanuri zetu nyingi hazilifikii. Potasi kostiki (potasiamu haidroksidi), ambayo wengine huitumia badala ya asidi, siipendi kabisa: nayo inataka joto kubwa, na inakula chombo.

4. Osha. Hapa ndipo muda unapokwenda, na hapa ndipo kaboni nzuri huharibiwa. Asidi iliyojificha ndani ya vinyweleo, yaani vile vitundu vidogo vya kaboni, haitoki kwa kusuuza; hutoka polepole, saa nyingi baada ya maji ya juu kuonekana safi. Kwa hiyo kipimo cha pH kinachochukuliwa mara tu baada ya kusuuza hakifai kuaminiwa. Funika kaboni kwa maji ya moto, mwaga, rudia mara kadhaa, kisha iache ndani ya maji mapya hadi asubuhi ndipo upime. Ikiwa pH iko chini ya 6, anza tena.

Maji ya kupimia yawe ya mvua au yaliyochemshwa na kukusanywa kama mvuke. Maji ya visima vingi vya pwani hii yana chokaa, na chokaa hiyo huimeza asidi inayovuja, hivyo kipimo kinasoma 7 ilhali kaboni bado ina asidi. Mimi natumia kipimo cha umeme kilichorekebishwa kwa vimiminika vya pH 4 na 7. Karatasi za rangi huchafuliwa na vumbi jeusi, na jicho hulazimika kubahatisha. Usijaribu kufupisha kazi kwa kutia chokaa ndani ya kaboni, kwa sababu itaungana na fosfeti iliyotokana na ile asidi ya fosforiki na kuziba vile vinyweleo ulivyovitafuta. Chokaa itie katika maji ya kuoshea uliyoyakusanya pembeni, ili fosfeti ituame badala ya kufika baharini kulisha mwani.

5. Pima kiasi. Katika chupa za lita moja za majitaka yaliyochujwa weka gramu 1, 2, 5 na 10 za kaboni, tikisa kwa saa mbili, chuja, kisha zilinganishe mbele ya karatasi nyeupe uone kiasi kidogo kabisa kinachotosha kuondoa rangi.

6. Jaza kaboni kwenye bomba la kuchujia. Kwanza loweka kaboni kwa saa 24 ili hewa itoke, kisha pandisha maji safi kutoka chini hadi vumbi liishe. Kwa lita 20 za kaboni, mtiririko usizidi lita 1 kwa dakika. Mtu asiingize kichwa katika tangi lililofungwa lenye kaboni iliyolowa, kwani kaboni hiyo hunyonya oksijeni ya hewa iliyomo.

Maji yakitoka meupe, usidhani yameruhusiwa kumwagwa. Chumvi hupita kwenye kaboni bila kuguswa, na viwango vya Tanzania hudai COD (oksijeni inayohitajika kuoksidisha uchafu kwa kemikali) isiyozidi miligramu 60 kwa lita na BOD (oksijeni inayotumiwa na vijidudu kuozesha uchafu) isiyozidi 30, mambo ambayo hayaonekani kwa macho. Peleka sampuli maabara, na kibali cha kumwaga kiombwe Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Rangi ikianza kuonekana kwenye maji yanayotoka, badilisha kaboni. Ile iliyochoka ihifadhiwe ndani ya gunia lililoandikwa, mahali pakavu, hadi ichukuliwe na mwenye kibali cha taka hatarishi, na asipewe mama lishe kuwa mkaa wa kupikia.