Somo: Pembe ya ndovu au mfupa? Itazame mistari yake

Viti vya enzi, vitana, mipini ya jambia: vyombo vya kale havijaisha Mji wa Kale wa Mombasa, na mwenye chombo hukwambia bila kusita, "hii ni pembe". Huenda ikawa kweli. Huenda pia ukawa mfupa wa ngamia uliosuguliwa na mikono ya watu vizazi vitatu.

Kwanza ujue unachotafuta. Pembe ya ndovu ni jino la mbele la taya la juu lililorefuka. Limejengwa kwa dentini, yaani kolajeni (aina ya protini) iliyoshikana na madini, na ndani yake hupita mirija yenye upana wa takriban sehemu moja ya elfu ya milimita, ikitoka kwenye uwazi wa katikati kwenda kwenye ganda la nje. Mirija hiyo hainyooki, hujipinda kwa mawimbi. Mmoja mmoja hutauona hata kwa lenzi, ila mpangilio wao ukipigwa na mwanga hutoa mistari ya giza na nuru inayoonekana kwa macho matupu. Huitwa mistari ya Schreger, jina la Mjerumani aliyeieleza mwaka 1800.

Hatua ya 1. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Ndimu na siki hula madini. Maji nayo huivimbisha pembe, na ikikauka hupasuka.

Hatua ya 2. Tafuta uso uliokatwa kwa kukingama, vile gogo linavyokatwa na msumeno. Hapa ndipo wengi hupotea. Pembe iliyopasuliwa kwa urefu huonyesha nyuzi zinazokwenda sambamba kwa mawimbi mapole, bila mtandao wa mistari inayokatana. Kwenye kiti cha enzi vipande ni vidogo na bapa, kwa hiyo kagua kila ukingo uliojitokeza.

Hatua ya 3. Chukua lenzi ya kukuza mara 10 na tochi, umulike kutoka ubavuni. Pembe ya ndovu itaonyesha mistari iliyopinda, mingine ikielekea kulia, mingine kushoto, ikikatana na kuacha vimraba vilivyolala upande. Mfupa hauna mtandao huo. Una vidoa vyeusi vidogo, njia za mishipa ya damu zilizojaa uchafu. Ukiutazama kwa urefu, vidoa hugeuka mikwaruzo mifupi.

Hatua ya 4. Piga picha kutoka juu wima, uichapishe, kisha upime kona za mistari inayokatana kwa protrakta. Pima karibu na ganda la nje tu, kona tano au zaidi, utafute wastani. Ukizidi digrii 100, ni ndovu wa zama zetu. Ukiwa chini ya hapo, ni mamothi, jamaa ya ndovu aliyekwisha kutoweka. Mtu wa Mombasa na mamothi wapi na wapi? Ni kwamba kuna nchi ambako pembe ya mamothi huuzwa kihalali, na wajanja hupitishia humo ya ndovu.

Sindano ya moto, tafadhali, waachieni wanaopenda kuharibu vitu. Inatambua plastiki, kweli, lakini inaacha kovu.

Maswali ya wanachama

*Salaam Maalim. Kitana cha marehemu bibi kina mistari iliyonyooka tu. Ni mfupa?*
Alaykum salaam, mwanangu. Hiyo peke yake haitoshi. Huenda kimekatwa kwa urefu wa pembe. Tazama ncha mbili za kitana, si ubapa wake.

*Taa ya kukagulia noti inafaa?*
Kutenga plastiki, mara nyingi ndiyo: pembe hung'aa weupe wenye ubuluu, plastiki nyingi hufifia. Lakini mfupa nao hung'aa vivyo hivyo, kwa hiyo rudi kwenye lenzi.

*Na jino la kiboko, Maalim?*
Lina duara nyembamba zinazozungukana, bila mtandao wa kukatana.

*Zile pembe kubwa za Moi Avenue je? 😄*
Bati la alumini, kaka. Weka lenzi mfukoni.

*Nikithibitisha cha bibi ni ndovu, naweza kukiuza?*
La. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inataka kibali hata kukiweka nyumbani, urithi au si urithi. Nenda ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ukaulize kabla hujakionyesha mtu mwingine, na picha usiiweke hapa.