Namna ya kusoma safari ya waziri wa jimbo Australia

Nafundisha Uraia hapa Igoma, Mwanza. Klabu ya mdahalo ikifika kwenye serikali za majimbo, wanafunzi hukimbilia Canberra, makao makuu ya serikali ya taifa la Australia. Msianzie huko. Australia ina majimbo 6, kila moja lina bunge na waziri mkuu wake, na shule, hospitali na polisi ni kazi ya jimbo. Mkuu wetu wa mkoa huteuliwa na Rais; waziri wa kule hutoka bunge la jimbo lake.

Chukueni manila, mchore mstari wa miaka, mumweke mtu mmoja tu. Mimi humtumia Joan Kirner wa Victoria, maana alianzia kwenye vikundi vya wazazi wa shule. 1982 aliingia bunge la juu; bunge la Victoria lina sehemu mbili, la juu na la chini. 1985 waziri wa hifadhi, misitu na ardhi. Hapa tulieni: 1986 yeye na Heather Mitchell, kiongozi wa wakulima, walianzisha Landcare, wakulima wakajiunga kwa vikundi kuponya ardhi yao. Sisi tunaoona Mto Mirongo ukimwaga tope ziwani kila masika tunajua uzito wa kazi hiyo.

1988 akahamia bunge la chini, akapewa wizara ya elimu. Tieni alama nyekundu: kwa desturi waziri mkuu hutoka bunge hilo. 1990 akawa waziri mkuu, mwanamke wa kwanza Victoria. 1992 chama chake kikashindwa uchaguzi.

Mkichagua Queensland, msitafute bunge la juu. Lilifutwa 1922.